Waliozama Katika Ramani

Chumba cha Chama cha Jiografia kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya mafagio, na mgeni aliyeelekezwa huko mara nyingi aliishia stoo. Wanachama hawakuona aibu. Walisema chumba kikipatikana kirahisi kitajaa watu wasio na nia. Ndani kulikuwa na mawe yaliyopangwa dirishani, kipima mvua kilichogeuzwa kopo la kalamu, na ukuta mzima uliofunikwa na ramani ya dunia iliyofifia kwa jua hadi bahari, jangwa na msitu vyote vikawa rangi ya chai ya maziwa.

Ramani hiyo ndiyo iliyomnyima Mwenyekiti raha muhula mzima.

Kila mwaka chama hicho kilikuwa na matembezi ya dira. Wanachama waliondoka geti la chuo kwa miguu kwenda kituo cha hali ya hewa kilicho juu ya kilima, simu zote zikiwa zimekusanywa kwenye kikapu, na mwenyekiti akaongoza kwa ramani ya karatasi na dira, basi. Akiwafikisha watu, jina lake la utani liliandikwa kwenye ramani ile ya ukutani, nchi kavu, mahali apendapo mwenyewe. Akiwapoteza, liliandikwa baharini, na wanachama wakapanga foleni kumpa pole kama mfiwa. Waliozama hawakuwa wengi. Aliyejulikana zaidi alikuwa mlezi wa chama, mhadhiri wa udongo, ambaye enzi zake za uanafunzi aliwapeleka wenzake hadi kwenye harusi ya watu wasiowajua, wakakaribishwa, wakala, wakacheza. Mpaka leo hakuonyesha dalili yoyote ya kujuta.

Na juu kabisa, kwenye kilele cha mlima mkubwa, kwa wino mwekundu uliokolezwa mara kadhaa, kulikuwa na jina BINGWA. Huyo alikuwa kaka yake Mwenyekiti, tumbo moja.

Bingwa alikuwa amekwisha kuhitimu na sasa alichora ramani za viwanja katika ofisi yenye feni. Nyumbani alimwita mdogo wake Kapotea, kwa sababu utotoni alitumwa chumvi dukani akaja kukutwa kwa fundi cherehani, amelala fofofo juu ya vipande vya vitambaa. Hadithi hiyo Bingwa hakuchoka kuisimulia, na kila alipoisimulia duka lilisogea karibu zaidi na nyumba, mpaka ikafika mahali mtoto alipotea kati ya jikoni na sebuleni. Aliposhika maikrofoni kwenye sherehe ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, akiwa mgeni mwalikwa, aliitoa nzima nzima. Kesho yake hata wapishi wa kantini walikuwa wakimwuliza Kapotea kama anaijua njia ya kurudi darasani.

Alicheka nao. Angefanya nini? Lakini jina lilimwuma, na ukweli ni kwamba alisoma jiografia kwa ajili ya jina hilo, na aligombea uenyekiti kwa ajili yake pia. Likiandikwa baharini kwa wino, chini ya mlima wa kaka yake, basi litakuwa limethibitishwa. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, si kingine.

Asubuhi ya matembezi mawingu yalitanda kama blanketi. Kamati ya hali ya hewa ya chama ilikuwa imetabiri jua kali, na wanakamati wote walikuwa wamevaa kofia pana na miwani myeusi, wakaona heri kutozivua kuliko kuulizwa maswali. Mlezi alipakia kikapu cha simu, mikate na chupa za chai kwenye gari lake ili azunguke kwa barabara kuu. Bingwa, aliyekuwa anakwenda naye, alimwita mdogo wake pembeni.

"Nimekuletea kitu," alisema, akamvisha shingoni kipaza sauti cha mkononi, kile cha betri chenye mdomo mpana. "Nilikitumia mwaka wangu. Ukipotea, angalau wakusikie unakopotelea."

"Asante, Kaka. Nyie tangulieni mkamimine chai."

"Tutamimina. Sijui kama mtaikuta ya moto. Wewe kumbuka kitu kimoja tu, dira haidanganyi."

Maneno hayo mawili aliyasema kila mwaka, kwa sauti nzito, mkono mmoja kiunoni. Wapya waliyaandika.

Basi wakaondoka. Mwenyekiti alitangulia, kipaza sauti kikining'inia kifuani, dira kaishika juu yake kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi. Hakuinua macho hovyo. Mshale ulipoonyesha, alifuata. Nyuma yake alikuja Katibu, kijana mrefu mwenye suruali fupi, kisha kundi lote likibishana kuhusu aina za mawingu.

Walipovuka reli ya zamani, Katibu alisimama. "Mwenyekiti, samahani. Hizi nguzo za umeme si zinakwenda kilimani? Naona kama sisi tunaziacha."

Mwenyekiti alitazama nguzo, akatazama dira. Nguzo zilikwenda kushoto. Dira ilisema kulia.

"Katibu, sisi ni wanajiografia au mafundi umeme?"

Watu wakaangua kicheko, Katibu akanywea, na msafara ukashika njia ya kulia. Mwenyekiti alijisikia vizuri sana. Kwa muda mfupi aliona kabisa jina lake likiwa kwenye mlima jirani na ule wa kaka yake, herufi kubwa zaidi kidogo.

Wakachanja mbuga. Wakapita shamba la mikaratusi, wakapita uzio wa matofali uliobomoka, wakashuka bonde ambalo kwenye ramani halikutakiwa kuwapo, na Mwenyekiti akajiambia kwamba ramani ni ya zamani. Kisha miti ikafunguka, na mbele yao kukawa na maji mapana yaliyotulia.

"Ziwa," alisema mmoja wa kamati ya hali ya hewa, akasukuma miwani yake myeusi juu ya pua. Bila kuombwa akageukia wapya na kuanza kuwaeleza jinsi maziwa ya namna hii yanavyotokea mto unapoacha mkondo wake wa kale. Alieleza vizuri, kwa mikono. Wapya waliandika. Ila wachache walianza kufunika pua kwa kola za mashati, na hatimaye msichana mmoja wa mwaka wa kwanza akaonyesha kibao kilichofungwa kwenye uzio: HATARI. MABWAWA YA MAJITAKA.

Mwanakamati alivua miwani, akasoma, akaivaa tena.

 Mabwawa hayo Mwenyekiti aliyajua. Yalikuwapo kwenye ramani, na yalikuwa mbali kabisa na njia ya kilimani. Watu walimtazama. Hakuna aliyesema neno Kapotea, lakini lilikuwa midomoni mwao, alilisikia kabisa. Alitamani kukaa chini palepale na kulia, na kilichomzuia ni harufu.

"Walio nyuma bado wako bondeni," Katibu alisema kwa upole. "Naomba hicho kipaza sauti niwaite."

Alikivua akampa. Katibu akapiga hatua kadhaa kuelekea bondeni, na dirani mshale ukageuka, polepole, kama paka anayebadilisha ubavu wa kulalia, ukatulia upande mwingine.

Mwenyekiti akakodoa macho. "Katibu, hebu rudi hapa."

Katibu akarudi. Mshale ukarudi naye.

"Nenda tena."

"Mwenyekiti, nimekosea nini?"

"Nenda tu."

Katibu alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, pembeni ya mabwawa ya majitaka, na mshale ukamfuata kila mara, mpaka watu wote wakakusanyika kuangalia. Ndani ya kipaza sauti kuna sumaku. Kila mwanafunzi pale aliwahi kufundishwa kwamba dira haishikwi karibu na sumaku, na wengi waliwahi kulijibu swali hilo kwenye mtihani wakapata maksi. Hakuna hata mmoja aliyelifikiria sumaku ilipokuwa ikining'inia kifuani mwa mwenyekiti wao.

Sasa angeweza kusema njia ilipangwa hivyo, ili wapya waone mabwawa. Mwanakamati yule alimkonyeza kabisa kumpa wazo hilo. Mwenyekiti hakulichukua.

"Nimewapoteza," alisema. "Tangu getini tunakwenda kombo, na Katibu alinionya nikamfanyia mzaha. Katibu, nisamehe. Chukua hilo dude ukae nalo mkiani kabisa."

Alikunjua ramani juu ya mgongo wa mwanakamati aliyeinama. Akaweka rula kutoka mabwawani hadi kilimani, akasoma nyuzi, akasogea mbali na watu wote ili asikosee tena, na akanyoosha mkono. Sauti ya Katibu ikavuma kutoka nyuma kabisa, "Tunakuona, Mwenyekiti," na wakaondoka.

Walifika kilimani wamelowa jasho, chai imepoa, na nusu ya mikate imeliwa na mlezi. Bingwa alikuwa amekaa kwenye ngazi za kituo cha hali ya hewa, amekunja nne.

"Tulishaanza kuwagawia wengine urithi wenu," alisema. Kisha akanusa. "Mmepita wapi nyie?"

Waliporudi chuoni mchana, chumba kilijaa mpaka watu wakakalia mawe. Kwa desturi, hakuna aliyeruhusiwa kuondoka kabla jina halijaandikwa, na safari hii mabishano yakawa makali. Wengine walisema amefika, kwa hiyo ni nchi kavu. Wengine walisema amepotea, na mashahidi wake ni viatu vyao. Mlezi alipangusa makombo shatini, akatoa uamuzi.

"Aliyewapoteza watu kisha akawarudisha mwenyewe hatujawahi kuwa naye. Mimi binafsi nilirudishwa na bibi harusi. Aandikwe ufukweni, miguu majini."

Watu wakapiga makofi. Bingwa peke yake alitikisa kichwa, huku akitabasamu tabasamu lake la nyumbani. "Mwalimu, unamdekeza. Bahari ni bahari. Kapotea amepotea, dira haidanganyi."

Hapo Mwenyekiti akamtazama kaka yake, na kitu kikamjia. Hakikumjia kwa hasira. Kilimjia kama hesabu inavyokuja yenyewe mtu akiwa anaosha vyombo.

"Kaka, mwaka wako ulitembea na kipaza sauti hikihiki?"

"Hichohicho."

"Ulikivaa wapi?"

"Shingoni, sasa ningekivaa mguuni?"

"Na dira uliishika wapi?"

  Tabasamu la Bingwa lilibaki usoni kwa muda, halijui liende wapi. Katibu, aliyekuwa bado na kipaza sauti mkononi, alikitazama kwa heshima mpya.

"Kwa hiyo na wewe ilikupasa ufike mabwawani," Mwenyekiti aliendelea taratibu. "Ulifikaje kilimani?"

 Mlezi aliacha kutafuna.

"Nguzo," Bingwa alisema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo mdogo wake hakuwahi kuisikia. "Nilifuata nguzo za umeme. Dira nilikuwa naitazama tu, watu waone natazama. Mimi dira... mpaka leo hainikai kichwani. Ofisini kwenyewe nikienda viwanjani natoka na mwenzangu anayeijua."

Chumba kizima kilivunjika mbavu. Mwanakamati wa miwani myeusi alilazimika kushika ukuta. Mwenyekiti pia alicheka, akacheka mpaka machozi, halafu akaona kaka yake hacheki sana. Ameinamisha kichwa, masikio yamewiva.

"Siku ile ya chumvi," Bingwa alimwambia, kwa sauti ya wao wawili, "mama alitutuma wote. Mimi ndiye niliyekushika mkono. Sikujua tumekunjia wapi. Nikakuacha kwa fundi cherehani nikaenda kutafuta nyumba. Nikapelekwa na jirani."

 Mwenyekiti alikuwa amelibeba jina lile miaka yote kama lake, kumbe alibebeshwa. Alikasirika, kweli alikasirika, na papo hapo akamwonea huruma mtoto yule mwingine aliyerudi nyumbani peke yake na kuhitaji haraka mtu wa kuchekwa.

"Ungeniambia," alisema.

"Nilikuwa naona aibu. Kadiri nilivyokutania ndivyo hakuna aliyeniuliza mimi."

Mwenyekiti akachomoa kalamu ya wino kwenye kipima mvua. Alikwenda ukutani, akatafuta ufukwe, akaandika KAPOTEA kwa mkono wake mwenyewe, herufi za mwisho zikiingia majini kama alivyoamuru mlezi. Halikumwuma. Alilisoma mara ya pili kuhakikisha, na kweli halikumwuma. Kisha akakata mstari mmoja mnyoofu juu ya jina jekundu la mlimani, akageuka na kumnyooshea kaka yake kalamu.

Bingwa aliinuka shingo upande. Wanachama walikuwa wameshaanza kupanga foleni ya pole, mlezi akiwa wa kwanza, amefurahi kupata mwenzake. Bingwa alisimama mbele ya ramani ile iliyofifia, akainua kalamu, akaipeleka kushoto, akairudisha kulia, akakwama.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "bahari ni ipi hapa? Yote naona rangi moja."

Mwenyekiti akamshika mkono, akamwongoza.