Pua Nyeupe ya Sundus

Asubuhi aliyofariki mkewe, Mwanawetu, Sajenti Okwir alirudi kambi ya polisi kutoka hospitali ya Mulago akamkuta binti yao ameketi kizingitini, miguu kainyoosha, mikono kaitoa mbele kama mtu anayengoja kupimwa nguo. Alikuwa amevaa kofia yake pana. Hakuwa akilia. Alikuwa anangoja kupakwa.

"Baba, jua limeshafika mlangoni," Sundus alisema. "Nani atanipaka?"

Mama na mwana wote wawili walizaliwa na ualbino. Jua lililompita Okwir begani bila hata salamu, kwao lilikuwa mgeni wa kuwekewa masharti. Kila siku, kabla ya chai, Mwanawetu alimpaka mtoto kinga ya jua, kisha akajipaka mwenyewe. Okwir, aliyetoka kwenda gwaride kabla hawajamaliza na kurudi jioni, aliyatazama hayo miaka yote kama alivyoitazama sala ya mkewe: kwa heshima, bila kujua maneno yake.

Alikuwa na habari ya kumpa mtoto, na mdomo ulikataa kufunguka. Akaenda dirishani. Palikuwa na tyubu moja tu, ya Mwanawetu. Ya mtoto iliisha wakati mama amelazwa, na katika mbio za hospitali hakuna aliyekumbuka kununua nyingine. Okwir akajiambia kwamba ngozi ya mama ndiyo ngozi ya mwana. Akaminya, akampaka usoni.

Mara mtoto akapiga ukelele, akafumba macho, akajifuta kwa viganja vyote viwili. Wakati huohuo majirani wa kambini walikuwa wameanza kufika na vilio vyao, na vilio hivyo ndivyo vilivyompa Sundus habari ambayo baba yake alishindwa kuisema. Mwanamke mmoja akamnyanyua.

"Mwache alie, Afande," alisema. "Anamlilia mama yake."

Okwir naye aliamini hivyo. Mwanawetu akazikwa alasiri ileile, kama ilivyo desturi ya Waislamu wa kwao, na Okwir, ambaye Jumapili huenda kanisani, alisimama safu ya mbele na wakwe zake akamwagia kaburi udongo kwa mikono yake.

Matanga yalipokwisha, watu wakatawanyika, zikabaki asubuhi. Kila Okwir aliposhika tyubu ile, Sundus alijificha nyuma ya madumu ya maji.

"Sitaki! Ya mama ni ya mama!"

Baba mtu akadhani mtoto hataki vitu vya marehemu viguswe. Moyo ukamwambia amwache, hofu ikamkatalia. Kilichomuua Mwanawetu kilianza kama kidonda kidogo nyuma ya sikio, kikawa kansa. Mwenyewe alikuwa akisema mbegu ya kidonda kile ilipandwa utotoni, enzi ambazo kwao hakuna aliyejua kama kuna kitu cha kujipaka. Okwir alimtazama binti yake nyuma ya madumu, na shingo ile nyembamba, akaona kwamba shule inakaribia kufunguliwa na yeye hana njia. Akavaa sare ya zamu, akashuka mtaa wa Bwaise kwa shemeji yake.

Tajudin, kaka wa marehemu, aliuza sabuni, mafuta na udi karibu na barabara ya Bombo. Alipomwona Okwir mlangoni aliinua mikono juu.

"Yallah, shemeji! Ukija na sare hivyo wateja watasema nimekamatwa. Ingia ndani haraka, au simama nje unilindie duka."

Okwir hakucheka. Aliiweka tyubu juu ya meza ya duka.

"Mtoto anaikataa. Nilidhani ni majonzi, sasa nafikiri ni kali. Nipe yenye namba ndogo ya kinga. Hata dawa ya malaria, mtoto tunampa nusu."

Tajudin akaegemea meza.

"Na jua nalo litampiga nusu?"

Tajudin akaichukua tyubu ya dada yake, akaifungua, akainusa, akakaa nayo mkononi.

"Hii ilikuwa yake, ya mtu mzima wa kusimama nami hapa dukani," alisema. "Inanukia vizuri, inaingia mwilini upesi, mteja hajui kama umejipaka. Sundus hawezi kuitumia. Anaruka, anatoka jasho, inamteremkia machoni. Pilipili tupu! Dada aliwahi kumjaribia akiwa mdogo zaidi, wakalia wote wawili." Akainama chini ya meza, akatoa boksi. "Yake ni hii. Ya zinki. Haina manukato. Inakaa juu ya ngozi kama ukuta. Namba ni hamsini kama ya mama yake, usije ukaishusha. Na jua likiwa kali usitegemee ya asubuhi tu. Mpake tena."

"Kumbe siku ile ya msiba..."

"Siku ile alilia mara mbili, shemeji," Tajudin alisema polepole.

Okwir alipotaka kulipa, Tajudin aliusukuma mkono wake. "Dada ndiye aliyeagiza boksi hili, kabla hajalazwa. Mimi nimelitunza tu."

Asubuhi iliyofuata Sundus alinusa tyubu mpya, akatoka nyuma ya madumu bila kuitwa. Okwir akampaka taratibu, na macho ya mtoto yakabaki wazi. Alishukuru Mungu kimoyomoyo. Lakini ile zinki ilimwacha mtoto na pua nyeupe kama aliyepiga chafya juu ya unga. Sasa Okwir ni mtu wa gwaride. Tangu aingie jeshi la polisi hajawahi kutoka nje na alama ya vumbi kwenye buti, wala hajamwacha mtu aliye chini yake atoke nayo. Akachukua kitambaa laini, kilekile cha viatu ila kilichofuliwa, akamsugua pua, akamsugua masikio, mpaka weupe ukaisha wote na uso ukang'aa.

"Sasa umependeza," akamwambia.

Sundus akavaa kofia yake.

Shule ilipofunguliwa mambo yakawa hivyo: paka, sugua, ng'arisha. Ijumaa Tajudin akaja kambini baada ya sala, na bakuli la pilau limefunikwa kwa sahani. Alipomvua Sundus kofia ili ambusu, akasita. Pua ilikuwa nyekundu. Ncha za masikio zilikuwa zimeiva.

"Nini hiki? Si nilikupa dawa?"

"Nampaka kila siku!" Okwir alisema. "Nampaka vizuri, halafu namsafisha."

"Unamsafisha na nini?"

Okwir akaonyesha kitambaa. Tajudin akakitazama kitambaa, akamtazama mtoto, kicheko na uchungu vikamjia pamoja.

"Allah! Shemeji, umemng'arisha mtoto kama buti la gwaride! Ule weupe ndio dawa yenyewe. Umejenga ukuta, halafu ukaubomoa kabla mwizi hajafika."

Okwir akamgeukia binti yake. "Sundus, mama alikuwa anafuta?"

"Mama hafuti. Mama anaacha. Watoto wakisema nimekula unga, nawaambia ndiyo, mtamu."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ni amri mpya."

Tajudin alicheka mpaka akashika mlango. Okwir naye akacheka, mara ya kwanza tangu Mulago, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, hakuyazuia.

"Haya, nifundishe," akamwambia binti yake.

Sundus akamwekea tyubu kiganjani, akaketi kama siku ile, mikono mbele. "Hapa kwanza. Hapa. Pua mara mbili. Mikono mpaka kwenye vidole." Kisha akainamisha kichwa, akalikunja sikio. "Na hapa. Mama alisema hapa usisahau, hata kama utasahau jina lake."

Okwir alisogeza uso karibu. Hakuwahi kupatazama mahali pale. Ngozi nyuma ya sikio ilikuwa laini, nzima, haina doa. Mtoto huyu alikuwa ameishi chini ya jua la Kampala tangu kuzaliwa, akachota maji, akacheza, akaenda shule, na mahali palepale palipomwanzia mama yake kifo, kwake palikuwa pasafi. Mtu alikuwa amepalinda kila asubuhi kabla ya chai. Wekundu wa puani ulikuwa wa wiki moja, utapona. Huu usafi ulikuwa wa miaka, na alikuwa ameachiwa yeye.

"Asante, Mwanawetu," alisema kwa sauti.

"Amin," Tajudin akaitikia.

Okwir akapaka, akaacha nyeupe.

Tyubu ya Mwanawetu aliimalizia mwenyewe, kidogokidogo shingoni, siku za zamu ya barabarani, mpaka ikaisha na harufu yake. Sundus sasa hupakwa kabla ya chai, na hafutwi. Saa nne, wakati wa mapumziko, mwalimu wake, Bi Alum, humpaka tena. Nyuma ya masikio Sundus hujipaka mwenyewe.