Vioo vya Mtaa wa Mama

Kazi yangu ni kupima jinsi mtaa wetu unavyodidimia. Nikisema hivyo watu hucheka, wanadhani natania. Chini yetu kuna mgodi wa makaa ya mawe, mahandaki matupu yaliyoachwa makaa yalipokwisha, na juu yake tumejazana sisi na masufuria yetu. Marehemu baba alikuwa mchimbaji. Alijenga nyumba ya mama kwa mshahara wa kuchimba makaa yaliyokuwa chini ya kitanda chake mwenyewe, na kila nikilifikiria hilo napandwa na hasira, hata sijui nimkasirikie nani.

Zamani tulipima kwa misumari iliyopigiliwa barabarani. Kisha ikamwagwa lami mpya, misumari ikafukiwa, na hakuna aliyeona haya. Tukabaki na vioo. Panapotokea ufa ukutani, nabandika juu yake kipande chembamba cha kioo kwa gundi, kishike upande huu na ule. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinavunjika. Kikivunjika, watu wanahamishwa.

Vya mtaa wa mama havikuvunjika. Mtaa wa nyuma nyumba ziliinama, ukuta wa shule ukaanguka, lakini kwa mama kila nikienda nakuta vioo vizima, vinang'aa. Mkuu wangu kwenye kampuni ya mgodi alifurahi kupita kiasi. Hata jirani wa mama, mjane mwenye watoto wadogo aliyekuwa amekimbilia kwa dada yake, nilimwambia arudi tu nyumbani. Akarudi, akanishukuru mpaka nikaona aibu.

Jumatatu moja asubuhi niliinama kwenye ufa wa sebule ya mama nikaona gundi nyeupe. Yangu ni ya kahawia.

"Mama, nani amegusa hiki?"

"Hajakigusa mtu. Kilivunjika, nikamwita fundi vioo akaweka kingine. Tena kizuri kuliko chako, mwanangu, usinune. Vyako vyembamba mno."

"Kilivunjika lini?"

"Kipi? Mbona vinavunjika kila mara?"

Nikakaa pale pale sakafuni.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikusumbue kwa kipande cha kioo, na wewe una kazi zako? Si mkuu wenu alisema mkutanoni kwamba vioo hivi vitatulinda? Nikawaambia na majirani, kikivunjika msikae hivyo hivyo, mwiteni fundi. Mtaa mzima tunabadilisha."

Alisema kwa fahari. Kwetu mambo ya mgodi hayakuzungumzwa ndani ya nyumba. Baba alikataza, alisema yanatosha huko huko chini. Nami sikuwaza kamwe kwamba mke wa mchimbaji anahitaji kuelezwa.

"Hakilindi kitu, mama. Kimewekwa kivunjike, ili tujue nyumba inakwenda chini."

Alikitazama kioo. Kisha akasema polepole, "Na yule mjane karudi na watoto."

"Mimi ndiye niliyemrudisha."

Nilimpigia simu mkuu wangu. Alinisikiliza vizuri, ana adabu sana yule, kisha akasema bila kioo kilichovunjika hawezi kuhamisha hata kuku.

"Nimekwambia wamevibadilisha!"

"Basi bandika vipya, tusubiri."

"Tusubiri nini? Paa liwaangukie?"

Akakata simu. Nikaendelea kumtukana peke yangu.

Mama aliingia jikoni akatoka na mchi. Nilidhani anakwenda kutwanga. Mtu akichanganyikiwa hushika kazi yoyote. Akasimama mbele ya ufa, akakigonga kioo. Hakikuvunjika, fundi alikuwa ameifanya kazi yake vizuri. Akagonga tena kwa nguvu, kikapasuka.

"Piga picha."

"Mama, wakijua watanifukuza."

"Kimevunjika mara ngapi wewe hujaona? Piga!"

Nikapiga. Yeye akatoka na mchi wake hadi kwa mjane, kisha nyumba ya pili, ya tatu. Kila mlango alieleza mwenyewe kwamba ni yeye aliyewapotosha. Wengine walimwonea huruma. Mzee mmoja alimwambia aondoke machoni pake. Mama aliitikia, "Una haki," akavunja kioo cha mzee huyo, akaenda mlango uliofuata. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda siku ile, na sijawahi kuogopa hivyo.

Nilimtumia mkuu picha za vioo vyote, na kufika alasiri malori ya mgodi yalikuwa yakipakia magodoro. Mjane na watoto walipanda la kwanza.

Mama alitoka mwisho. Akavuta mlango, haukufunga. Fremu ilikuwa imepinda na kitasa hakikufikia tundu lake. Akavuta tena, akaegemeza mgongo.

"Acha tu, mama."

"Niiache nyumba ya baba yako wazi?"

"Haturudi tena hapa."

Aliniangalia kama nimemtusi. Dereva akapiga honi.

"Njoo basi unisaidie," alisema.

Nikaweka bega langu karibu na lake. Tulisukuma, tukapumzika, tukasukuma tena, na mlango haukufunga.