Moyo Uliofika Kabla ya Mwenyewe

Usingizi wa jana ulinikuta nimeshaondoka. Niko juu ya kitanda cha hospitali chenye magurudumu, kitanda kinakwenda chenyewe kwenye barabara ya Tunduru, na Namtumbo nimeshaiacha nyuma. Nimelala chali, mikono kifuani, kama mtu aliyelipa nauli. Ninakwenda Msumbiji. Kwa nini, sikuuliza. Mimi kwenda huwa siulizi.

Nikasikia nyuma yangu sauti inaita, "Kaka! Kaka, ngoja!"

Nikageuza shingo. Hakuwa mtu. Ulikuwa moyo wa mdogo wangu Desideria, unakimbia katikati ya lami, mkubwa kiasi cha kiazi kitamu, umebandikwa vile vibandiko vya waya wanavyobandika hospitali. Niliujua kwa sauti.

"Unafuata nini huku?" nikauliza. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Ndilo ninalokuuliza wewe," moyo ukasema, unahema. "Nimepimwa asubuhi mbichi. Tangu hapo nimekaa kwenye benchi. Mwenyewe hajafika."

Nilielewa mara moja. Desideria alipimwa moyo juzi, na majibu yake yakapotelea ndani ya kompyuta ya hospitali. Daktari alituambia gari la rufaa la kwenda hospitali kubwa linaondoka Jumatano saa tatu asubuhi, na mgonjwa asiye na majibu hapandi. Gari jingine ni baada ya mwezi. Mwezi, alisema daktari, huyu mama hana.

"Panda," nikauambia moyo. Ukapanda. Kitanda kikageuza bila kuambiwa, na kabla sijashika chuma tukawa tumeshaingia ndani ya kompyuta.

Ndani ya kompyuta kuna chumba kimoja na kiti kimoja. Kando ya kiti wamesimama wawili. Mmoja ni mwanamke mwembamba, waya zinamning'inia mabegani. Huyo ni Programu ya Moyo, inayosoma mapigo. Mwingine ni bwana mnene mwenye tai na funguo nyingi kiunoni. Huyo ni Programu ya Masijala, inayotunza majina ya wagonjwa na muda waliofika. Nilijuaje? Wamevaa vibao.

Mwanamke anakaa kwenye kiti. Bwana anazimia. Mwanamke anainuka amsaidie, bwana anazinduka, anakaa yeye. Sasa mwanamke yuko sakafuni.

"Mmekuwa hivi tangu lini?" nikauliza.

"Tangu tulipowekwa nyumba moja," bwana akasema, anajipepea kwa tai. "Mimi nasoma saa ya ukutani. Huyu amekuja na saa yake kutoka huko walikomtengenezea. Akisema yeye ni asubuhi, mimi kizunguzungu kinanishika."

"Kizunguzungu ni cha uvivu," mwanamke akasema kutoka sakafuni, macho kafumba.

Ukutani pakatokea kibao: HITILAFU ISIYOJULIKANA IMETOKEA. Chini yake kitufe kimoja kimeandikwa SAWA.

"Si sawa," nikasema.

"Kitufe hicho hatuna," bwana akasema. "Hapa mtu akitukanwa anabonyeza Sawa, akifiwa anabonyeza Sawa. Bonyeza, mzee, usitucheleweshe."

Nikabonyeza. Kibao kikaondoka. Kikaja kingine, kile kile.

"Umejaribu kuzima na kuwasha?" mwanamke akauliza.

"Kuzima nini?"

Akanyoosha mkono, akanibonyeza kitovu. Nikazimika. Nilipowaka nilikuwa na akili zangu zote, ila nimesahau Lindi, mahali nilipokaa miezi saba.

"Vipi?" akauliza.

"Bado vile vile."

"Basi si wewe uliyeharibika," akasema, akarudi kuzimia.

Bwana akafungua daftari lake. "Desideria Haule. Amefika 12:05, mchana. Moyo wake umepimwa 6:40, asubuhi. Moyo umemtangulia mwenye nao zaidi ya saa tano. Siwezi kuwaunganisha. Ni sheria."

"Moyo huwa unatangulia," nikasema. "Wangu sasa hivi uko Msumbiji."

"Wako hatujaupima."

Akaingia mama mfagizi na ndoo. Akautazama moyo wa mdogo wangu kama mtu anavyotazama ganda la ndizi. "Kisicho na mwenyewe kinaingia humu," akasema. "Na saa tatu nafunga."

Moyo ukanikimbilia kwapani. Nikausikia unapiga: moja, mbili, kimya, tatu. Kile kimya kikanitisha kuliko ndoo.

"Desideria!" nikapaza sauti. "Uko wapi?"

"Huku!"

Ukuta ukafunguka ukawa shamba la mihogo. Upande wa pili kabisa Desideria amekaa peke yake kwenye jua la utosi. Katikati yetu yamelala masaa sita matupu, kama matuta yaliyolimwa yasipandwe kitu.

"Unafanya nini huko mchana?" nikamuuliza.

"Unaniuliza mimi? Nimeletwa! Mimi nimetoka nyumbani na tochi, kaka. Nimefika getini kengele ya misa haijalia, mlinzi bado kajifunika blanketi. Nani kaniandika mchana?"

"Daftari limesema."

"Daftari ndilo lililonifungulia geti? Hebu liulize, umande wa mchana linauona wapi!"

Akavua kanga yake ya juu, akaivingirisha, akairusha. Ikavuka yale masaa sita hewani, taratibu, ikamwangukia bwana wa masijala usoni, pwaa.

Akajipangusa. "Maji," akasema.

"Wewe unajua kuandika tu," mwanamke akasema, akanyoosha waya mmoja, akaugusisha kwenye pindo la kanga. Akasikiliza. "Umande. Wa njia ya nyasi, kabla jua halijachomoza. Huyu mama alifika saa zile zile za moyo wake."

Bwana akafunga daftari lake. "Basi nimedanganywa," akasema. "Na anayenipa saa ni mmoja tu."

Akatazama juu. Sote tukatazama juu. Kwenye ngazi, amekumbatia saa ya ukutani, mikono miwili imeng'ang'ania mishale, alikuwapo Otmari Ndunguru, karani anayetuandikisha dirishani.

"Otmari, shuka," nikasema.

"Siwezi, mzee. Nikiachia inarudi."

"Umeisogeza?"

"Masaa sita mbele." Alisema kama mtu anayesema nimekunywa chai.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Kadi, mzee. Kadi za kurudi kliniki. Kompyuta ilikuwa inachapa 8:00. Mtu anaipeleka nyumbani, mjukuu anamsomea nane, anakuja saa nane mchana, kliniki imefungwa. Mzee Kasian alitembea kutoka milimani, akanifikia dirishani saa nane kamili, anajisifu hajachelewa. Ningemwambia nini? Nikaona heri kompyuta ijifunze kuhesabu kama watu. Sasa inachapa 2:00, wanakuja saa mbili. Hakuna aliyemkosa daktari tena."

"Ila mdogo wangu."

Otmari akaegemeza paji la uso kwenye kioo cha saa. "Ila mdogo wako," akasema.

"Saa tatu kasoro dakika mbili," mama mfagizi akasema, anaisogeza ndoo. "Za nani sijui, lakini ndizo zangu."

"Nikiachia," Otmari akasema, "huyu anaupata moyo wake, na wazee wote wanarudi kwenye nane. Kila kadi ingetaka kuandikwa muda kwa maneno, kwa mkono. Foleni yangu ni watu mia mbili. Nani ataandika?"

Mlangoni kitanda changu kikakohoa. Kilikuwa tayari kuondoka. Miaka arobaini na mitano sijakaa mahali mpaka mbwa wa mtaa wakaacha kunibwekea.

Kwapani, moyo ukapiga mara moja, ukanyamaza, ukaendelea kunyamaza.

"Nitaandika mimi," nikasema. "Nitakaa getini. Kila anayetoka na kadi nitamwandikia kwa kalamu: saa mbili asubuhi. Kwa maneno."

"Mpaka lini?" Otmari akauliza.

Ukutani pakatokea kibao: MUDA WA KUKAA HAUJULIKANI. Kitufe kimoja.

Nikabonyeza.

Otmari akaachia. Mishale ikarudi nyuma kwa kishindo, masaa sita yakajikunja kama mkeka, na Desideria akaburuzwa alivyokaa mpaka magoti yake yakagusa yangu. Moyo ukaruka kutoka kwapani ukaingia kwake bila hata kuniaga. Mama mfagizi akachungulia ndoo yake tupu, akaondoka. Programu ya Moyo na Programu ya Masijala wakakaa kwenye kile kiti kimoja, kila mmoja nusu tako, na hakuna aliyezimia.

Nikaamka kwenye kibaraza cha hospitali, wanapolala ndugu wa wagonjwa. Kumekucha. Sijanawa uso, nikaenda dirisha la masijala kuulizia majibu. Otmari alikuwa ameshafika. Mimi na yeye hatujawahi kuzungumza zaidi ya kumtajia jina la mdogo wangu. Akanyanyua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Hivi utakaa upande wa kivuli," akauliza, "au upande wa mlinzi?"

Sasa ni Jumatano jioni. Majibu ya Desideria yalionekana asubuhi, yakachapwa, naye akaondoka na gari la rufaa saa tatu, amekaa kiti cha nyuma ya dereva. Otmari aliitwa kwa mganga mkuu, akakaa humo nusu saa, akatoka, akarudi dirishani. Mzee mmoja anayeitwa Kasian alikuja kliniki, akaonwa na daktari, akarudi kwao. Kompyuta inafanya kazi. Mimi nimekaa upande wa mlinzi. Nimeandika kadi sitini na tatu, na kalamu ya kwanza imekwisha wino.