Kabla Mlima Haujafungwa

Siku daktari wa moyo alipomwambia aache kazi, Dagrún alicheka. Hakuwa na dharau. Mimba yake ilikuwa ya miezi mitano, mashavu yalikuwa yamenawiri, na asubuhi hiyohiyo, kabla ya kupanda ndege kuja mji mkuu, Reykjavík, alikuwa ameogelea bwawa zima huku na huku bila kupumzika.

"Mimi sitanii," daktari alisema, akamgeuzia kioo cha mashine.

Moyo wake ulikuwa pale kwenye kioo, ukifumba na kufumbua. Mlango mmoja wa moyo, ule wa kutolea damu, ulikuwa haufunguki sawasawa. Dagrún alizaliwa nao hivyo. Walimpasua akiwa mtoto mdogo, wakaupanua, na tangu hapo akaishi kama watu wengine, ila kwa kovu lililoshuka katikati ya kifua.

"Mlango huu ulikutosha ulipokuwa peke yako. Sasa damu imeongezeka, na itazidi kuongezeka. Kuna siku itagoma kupita. Na usitegemee kwamba moyo utakuonya mapema."

Akampa masharti mawili. Aache kazi mara moja. Na Januari ikiisha, ahamie Reykjavík akae karibu na hospitali mpaka ajifungue. Kwao Kaldavík kulikuwa na mkunga tu, na barabara pekee ya kutoka ilipita juu ya mlima wa Háls, ambao wakati wa baridi ulifungwa na kufunguliwa kadiri upepo ulivyotaka.

Dagrún aliitikia yote. Alipofika nyumbani akamwambia mumewe Högni sharti la pili, la kwanza akalipunguza. "Nimalizie wiki moja tu. Watoto wana mtihani wa kuogelea kabla ya Krismasi. Nitakaa kitini na filimbi, majini siingii."

"Wewe ndiye unayejua mwili wako," Högni alisema. Yeye alikuwa dereva wa greda la kuondoa theluji barabarani, mtu wa kicheko kikubwa asiyeamini kwamba kuna jambo lisilosukumika.

Bwawa la Kaldavík lilikuwa la wazi, na siku moja ya wiki hiyo theluji nyepesi ilikuwa ikianguka juu ya maji ya moto, mvuke ukipanda kiasi kwamba vichwa vya watoto vilionekana na kupotea. Kwenye birika kubwa la maji ya moto la pembeni walikuwa wameketi wanawake wawili watatu wa makamo, maji shingoni, domo halilali.

"Eti unaacha kazi, Dagrún?" mmoja alimpigia kelele. "Sisi tulisimama kiwandani tukikata samaki mpaka mtoto anabisha hodi!"

"Wako hakubisha, shoga, alivunja mlango!" mwenzake akadakia, na wote wakaangua kicheko.

Dagrún naye alicheka. Aliketi kwenye kiti chake, filimbi mkononi, akiwaambia watoto wavuke mmoja mmoja. Akamwita Ylfa, msichana wa miaka saba aliyekuwa anaogopa kina. Ylfa akajisukuma kutoka ukutani.

Kisha Ylfa alikuwa amesimama mbele yake, ametoka majini, anatetemeka, kucha zimekuwa za buluu.

"Mwalimu," mtoto alisema, "nilikuita. Nilishika kamba nikakuita sana. Ulikuwa unaniangalia tu."

Filimbi ilikuwa chini, imeviringika mpaka kwenye mfereji. Hakukumbuka kuiangusha. Hakukumbuka mtoto akivuka. Kati ya Ylfa kujisukuma na Ylfa kusimama pale hapakuwa na kitu chochote, palikuwa kama pamekatwa kwa mkasi. Akanyanyuka, akashika reli, akaanza kuhesabu vichwa ndani ya mvuke. Akahesabu, akapotea, akaanza upya. Wote walikuwepo. Kule birikani wanawake walikuwa bado wanacheka.

Aliwatoa watoto wote majini, akampigia simu mwalimu mkuu palepale akiwa na taulo mabegani. "Leo ndio mwisho wangu. Hapana, si Ijumaa. Leo."

Kisa chenyewe hakumwambia Högni. Alimwambia mkunga, Ásgerður, mwanamke mrefu mwenye mikono ya kiume aliyekuwa amezalisha nusu ya wanawake wa kijiji. Ásgerður hakumfokea. Alimwekea kifaa cha kusikilizia kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akavaa miwani yake, akaandika. Dagrún angependa zaidi kufokewa.

Krismasi ikapita. Januari ikaja na giza lake. Kukaa bure kulimchosha Dagrún kuliko kazi. Alijilaza kwenye kochi la dirishani, akala samaki mkavu na siagi kwa sababu ndicho kitu pekee kisichomchefua, akaangalia taa za greda la Högni zikipanda na kushuka mlimani. Mtoto alikuwa akicheza tumboni kwa nguvu. Yeye mwenyewe alikuwa anapungua. Kwanza alishindwa ngazi za nyumba. Halafu akashindwa kuinama kufunga viatu. Halafu akawa hawezi kulala chali. Alijipangia mito akalala ameketi, na mara nyingine alijikuta ameweka mkono kifuani bila kujua ni saa ngapi aliuweka.

"Mke wangu analala kama malkia kwenye kiti chake," Högni alikuwa akitania. Lakini usiku alikuwa hakoromi tena, na Dagrún alijua yu macho, anasikiliza.

Wiki ya mwisho ya Januari, Dagrún alianza kupanga nguo kwenye sanduku.

"Ngoja Jumamosi ipite," Högni alisema. Jumamosi ilikuwa karamu ya kijiji ya katikati ya baridi, ile ya nyama iliyochachushwa na vichwa vya kondoo, na yeye alikuwa na nafasi ya kuchekesha watu jukwaani. "Siku chache tu, mpenzi. Jumapili nakupeleka mwenyewe."

"Redio inasema dhoruba."

"Redio! Mlima ule anaufungua nani, redio au mimi?" Akambusu utosini, akatoka.

Dagrún alibaki ameshika soksi za mtoto. Neno *tu* lilikuwa limemkaa masikioni. Wiki moja tu, alikuwa amesema mwenyewe, na mtoto wa watu akabaki kwenye kamba akimwita. Akachukua simu.

"Ásgerður, unaweza kunipeleka uwanja wa ndege leo?"

"Nikuchukue sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Walipanda Háls mchana, na mchana wenyewe ulikuwa wa rangi ya chuma. Upepo ulikuwa haujawa mkali, ila theluji ilikuwa ikitambaa barabarani chini chini kama moshi, na vijiti vya njano vya kando ya njia vilionekana kimoja kimoja. Ásgerður aliendesha ameinamia usukani. Kwenye kona ya juu kabisa kulikuwa na mteremko mweupe ulioning'inia juu ya barabara, laini, umevimba. Theluji yake ilikuwa tayari kuporomoka. Ásgerður alizima redio, na Dagrún akajikuta anazuia pumzi, pumzi ambayo hakuwa nayo ya kuzuia.

"Amekasirika?" Ásgerður aliuliza waliposhuka upande wa pili.

"Hajajua bado."

"Basi atakasirika. Mwache akasirike, mwanangu."

Ndege iliyombeba ndiyo ilikuwa ya mwisho. Jioni hiyo mlima ukafungwa. Högni alipiga simu, akafoka, akanyamaza, akaomba msamaha kwa kufoka, kisha akafoka tena kidogo. Dagrún alimwacha amalize.

Jumamosi, katika nyumba ya wageni iliyo jirani na hospitali, alikohoa. Alidhani ni mafua. Akakohoa tena, na kwenye leso kukatoka povu la rangi ya waridi. Alifika mlangoni, akafungua, akamwona mhudumu akimkimbilia, naye hakuweza kuelewa kwa nini yule mwanamke anakimbia.

Daktari wa moyo alimjia akiwa ameshawekewa hewa puani. "Mapafu yako yanajaa maji, Dagrún. Tunamtoa mtoto sasa. Ni njiti, lakini ana uzito wa kutosha. Yeye simhofii sana."

Maneno hayo ya mwisho yaliingia moja baada ya jingine.

Walimpa simu. Högni alipokea mara moja. Nyuma yake hakukuwa na karamu wala kicheko, bali ngurumo ya injini.

"Hospitali ilimpigia Ásgerður, naye ameniambia. Nakuja."

"Mlima umefungwa, Högni."

"Nitaufungua."

"Ile theluji ya kona ya juu… nimeiona. Usipande." Kila neno lilimgharimu pumzi. "Mtoto akibaki na mzazi mmoja, asimkose hata huyo mmoja. Niapie."

Injini iliendelea kunguruma. "Naapa," alisema.

Dagrún hakusikia injini ikizimwa. Walikuwa wameshaanza kumsukuma kuelekea chumba cha upasuaji, taa za dari zikipita juu yake, na alilala usingizi wa dawa bila kujua kama ataamka, na akiamka, kama atakuwa bado mke wa mtu.

Aliamka. Ilikuwa siku nyingine, na koo lilikuwa linawaka kwa mpira wa kupumulia waliomtia. Muuguzi alimwambia ni msichana, yuko ghorofa ya juu ndani ya chombo cha joto, anapumua kwa msaada, ana hasira kama nyati. Daktari alikuja baadaye na habari zisizo za kucheka: mlango wa moyo umechoka, itabidi ubadilishwe majira ya kuchipua, na mimba nyingine asiifikirie.

Ásgerður alipiga simu. Aliuliza uzito wa mtoto, akauliza maziwa, akazungukazunguka.

"Na Högni?" Dagrún aliuliza.

"Yuko hai," Ásgerður alisema. "Greda liko bondeni, limelala ubavu chini ya kona. Limefunikwa na theluji iliyoporomoka, ni bomba la moshi tu linaloonekana. Alishuka kwa miguu."

Högni alifika siku tano baadaye, mlima ulipofunguliwa na greda la kijiji jingine. Alisimama mlangoni, sikio moja limefungwa bendeji, vidole viwili vimekuwa vyeusi kwenye ncha kwa kuungua na baridi. Alionekana mfupi. Dagrún alikuwa amepanga maneno mengi. Alimwangalia, naye Högni akaangalia sakafu.

"Nenda kaoshe mikono," Dagrún alisema. "Hawatakuruhusu kumshika mtoto hivyo."

Akaenda kuiosha. Maji yaliendelea kutiririka bafuni kwa muda mrefu, na Högni hakutoka.