Wanaoshuka Njiapanda

Tangu lori limgonge mkewe Rosa akiwa juu ya baiskeli, pale barabara ya Mkula inapokutana na njia ya mashambani, Mzee Fulgensi hakukaa tena nyumbani asubuhi. Alibeba kigoda akakiweka kwenye kona ileile. Watu walisema anaomboleza. Kuomboleza alikuwa anaomboleza, lakini alikuwa kazini pia.

Huku kwetu humwamkii mzee ukiwa juu ya baiskeli, labda uwe hukulelewa. Kila aliyemwona alishuka, akatoa shikamoo, akajibiwa marahaba, kisha akavuka akiikokota baiskeli, macho huku na huku. Miaka miwili hakugongwa mtu. Na tuseme ukweli, salamu zile ndizo zilikuwa maongezi yake yote ya siku. Nyumbani palikuwa kimya mpaka masikio yanauma.

Akaja Aurelia, binti wa ofisi ya barabara, kuhesabu baiskeli. Zikitosha, njiapanda ingejengewa matuta na njia ya baiskeli. Siku ya pili alimfuata mzee, uso umemshuka.

"Babu, fomu yangu inataka anayeendesha. Anayekokota namwandika mtembea kwa miguu. Tangu jana nimepata baiskeli nne tu."

Mzee akatazama watu wanavyomshukia. Kumbe adabu yote ile ilikuwa inawanyima njia.

"Unahesabu mpaka lini, mwanangu?"

"Ijumaa."

Akabeba kigoda chake. Siku tatu alijifungia ndani, kila honi ikimshtua moyo, akimwomba Mungu asisikie yowe. Hakulisikia. Aurelia alipata baiskeli mia sita na ushee.

Matuta yakajengwa kabla ya masika, na njia ya baiskeli ikapitishwa ng'ambo ya mtaro, mbali na kona. Siku ya kwanza mzee alikwenda kutazama. Malori yalinyata. Kule ng'ambo wanafunzi na akina mama wenye magunia ya mpunga walipita wakiendesha, wala hawakumwona.

Angeweza kuhamishia kigoda kule. Alilifikiria hilo, akaona aibu: umshushe mtu asiye na haja ya kushuka, kwa sababu ya upweke wako tu?

Akakaa mpaka jua likawa kali. Alikuwa na furaha, furaha kubwa, na hakuwa na wa kumwambia.