Mapigo Sabini na Mbili

Katika wodi ya moyo, wagonjwa wote kumi na wanane walikuwa na mapigo sabini na mbili kwa dakika. Mzee aliyeletwa akihema, sabini na mbili. Kijana aliyengoja upasuaji, sabini na mbili. Hata yule bwana wa kitanda cha tano, aliyeaga dunia Jumapili alfajiri, chati yake ya saa nne asubuhi ilionyesha sabini na mbili, na hakuna aliyeona haya.

Kazi hiyo ilikuwa ya kalamu ya mkuu wa wodi. Mama huyo aliamini kwamba karatasi ikijaa, mgonjwa ametunzwa. Basi kila asubuhi, kabla troli ya dawa haijasogea hata hatua moja, aliketi na lundo la chati akajaza safu ya mapigo toka juu mpaka chini, huku anakunywa chai. Wakaguzi walipopita walimsifu mpaka akavimba kichwa. Cheti walichompa alikitundika ukutani, juu ya sinki lisilotoa maji.

Muuguzi mmoja tu ndiye aliyejisumbua kuhesabu, na wenzake wakambandika jina la Dakika Nzima. Kabla ya kumpa mtu digoksini, kidonge kinachopunguza mbio za moyo, aliweka chombo cha kusikilizia kifuani, akatazama mshale wa sekunde ukizunguka duara zima. Mapigo yakiwa chini ya sitini, kidonge hakitoki, daktari anaitwa. Hilo walifundishwa wote mwaka wa kwanza, na wote wakalisahau siku walipopata ajira. Walipomcheka, Dakika Nzima aliwabinulia midomo. Aliwadharau wenzake kwa uvivu wao, mkuu kwa kalamu yake, na madaktari kwa kusoma karatasi huku mgonjwa yupo mbele yao. Wagonjwa walalamishi nao hakuwabakiza.

Mlalamishi mkubwa alikuwa bibi wa kitanda cha tisa, fundi cherehani mstaafu. Tangu Jumatano alisema shuka lake ni la njano. Dobi wa hospitali aligombezwa mara mbili mbele za watu, shuka likabadilishwa mara tatu, na bibi akazidi kukunja uso.

"Bibi, hili jeupe pe," Dakika Nzima alimwambia siku ile ya kwanza, akicheka.

"Nimeshona magauni ya maharusi miaka arobaini, mwanangu. Leo wewe ndiye wa kunifundisha cheupe?"

Deko tu hilo, Dakika Nzima aliwaza. Hata uji aliokuwa akiusukuma kando kila asubuhi aliuhesabu kuwa deko.

Ijumaa zamu ya dawa ikawa yake tena. Akafika kitanda cha tisa, akaweka chombo kifuani, akahesabu. Arobaini na nne. Akahesabu tena. Arobaini na nne, tena moyo ulikuwa unaruka pigo moja moja.

"Hata mikono yako leo ya njano," bibi alisema kwa sauti ndogo. "Na tumbo limenichafuka tena."

Hapo Dakika Nzima akakumbuka somo la mwaka wa kwanza. Dawa ile ikizidi mwilini, mgonjwa hukataa chakula, huona vitu vya njano, na mapigo yake huzama. Shuka halikuwa na kosa. Bibi wa watu alikuwa akiwaambia siku tatu nzima kwamba wanamuua, wao wakamgombeza dobi.

Akarudisha kidonge kwenye trei. Mkuu wa wodi, aliyekuwa akija na daktari kukagua vitanda, akamwona.

"Mbona hujampa? Chati inasema sabini na mbili."

"Chati haina moyo, mama. Huyu anao, na unapiga arobaini na nne."

"Unanijibu mbele ya daktari? Nimempima mwenyewe leo asubuhi!" Akachukua kidonge, akainama kitandani. "Fungua mdomo, bibi, usitucheleweshe."

Bibi, mtu wa adabu zake, akafungua mdomo. Dakika Nzima akaudaka mkono wa mkuu ukiwa hewani.

"Mhesabu mapigo kwanza," akasema kwa hasira. "Mbele yetu. Dakika moja tu."

Daktari akainua macho kutoka kwenye karatasi, pengine kwa mara ya kwanza wiki ile. "Kweli. Hebu mhesabu."

Mkuu akashika kifundo cha mkono wa bibi kwa madaha, akainua saa yake. Ilikuwa saa nzuri, ya rangi ya dhahabu, imezungushiwa vijiwe. Ilikuwa na mshale wa saa na mshale wa dakika. Wa sekunde haukuwapo. Alikuwa ameivaa miaka sita wodini humo. Akaikodolea macho, asiweze kuanza wala kuacha.

Daktari akaazima saa ya Dakika Nzima, akahesabu mwenyewe. Kisha mambo yakaenda mbio: kidonge kikasitishwa, damu ikachukuliwa, mashine ya kuchora moyo ikasukumwa hadi kitandani. Mkuu alisimama kando, anafutafuta saa yake kwa kitambaa.

Dakika Nzima hakuficha furaha yake. Alikuwa bado anatabasamu daktari alipofungua chati, akapitisha kidole kwenye sahihi za waliotoa dawa.

"Bibi anasema ameona njano tangu Jumatano. Siku hiyo alimpa nani?"

Sahihi ilikuwa yake. Siku ile miguu ilimuuma, foleni ya chakula ilikuwa ndefu, na karatasi ilisema sabini na mbili. Alimcheka bibi, akampa kidonge, akaondoka. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mimi," akasema. "Sikuhesabu."

Bibi akageuza kichwa kwenye mto.

"Yule dobi mmemwonea," alisema.

"Nitakwenda kumwomba radhi, bibi. Sasa hivi."

"Nenda. Ukimaliza naye, rudi hapa. Mimi nami nangoja yangu."