Jasusi Aliyekwama Orofani

Ifahamike kwa wote wanaohusika, na kwa wale wasiohusika ila wana kawaida ya kuchungulia, kwamba Mtunzi Mkuu wa Bweni la Pili, bingwa wa insha, fundi wa visa na mikasa, ambaye hadithi yake ndefu ilisomwa na mabweni yote manne hadi kurasa zikang'oka, alikuwa amejitenga na walimwengu ili aandike sura ya mwisho, na hakutaka kusumbuliwa na mtu wa cheo chochote.

Alikuwa amejitenga kwenye choo cha tatu kutoka mwisho. Choo hicho hakina komeo, kwa hiyo mlango aliuzuia kwa mguu. Daftari lilikuwa magotini. Tangu kengele ya asubuhi alikuwa ameandika maneno matatu, "Jasusi akafungua mlango," kisha akayakata.

"Wewe uliyemo humo, unazaa?" mtu aliuliza nje.

"Natunga."

"Basi tunga upesi, wenzako tumebanwa."

Hadithi ilikuwa imeanza muhula uliopita kwa mzaha. Jasusi, mtu mrefu asiye na jina, anaingia kwenye nyumba ya tajiri kuiba barua. Tajiri anarudi ghafla, na Jasusi anajikuta amekwama chumba cha orofani. Sura nane zilikuwa zimekwisha kutoka. Kila sura ilipotoka, daftari lilizunguka kitanda kwa kitanda, na aliyemaliza kusoma aliandika jina lake la utani kwenye jalada la nyuma. Jina la kwanza siku zote lilikuwa Twiga. Hiyo ilikuwa haki yake isiyopingwa, kwanza kwa sababu daftari alilitoa yeye, na pili kwa sababu katika shule nzima ni yeye peke yake aliyecheka mahali panapostahili kuchekwa.

Sasa Twiga alikuwa na wiki ya tatu kitandani kwenye zahanati ya shule, mguu wa kulia ndani ya plasta. Mfupa haukuunga sawasawa. Alhamisi saa sita baba yake angekuja kumchukua ampeleke hospitali kubwa, akapasuliwe. Matroni alikwisha kusema, kwa sauti ile ile anayotangazia kwamba maji yamekatika, kuwa mwaka huu huyu harudi, na mwaka ujao Mungu ndiye ajuaye.

"Nipe mwisho tu," Twiga alimwambia Mtunzi. "Nisiende kukatwakatwa huko huku Jasusi wangu bado kakwama juu. Nitakufa kwa kihoro, sio kwa kisu."

"Utaupata. Mtunzi hajawahi kushindwa."

"Alhamisi saa sita."

"Saa tano na nusu," akasema Mtunzi. Ulimi hauna mfupa. Uliahidi bila kuuliza mkono.

Na mkono ulikataa. Jirani yake wa kitanda cha juu alisema amerogwa. Kiranja wa usafi, aitwaye Darubini kwa kuwa huliona vumbi kabla halijatua, alisema ni uvivu na dawa yake ni fagio. Wengine walisema ni akili kujaa, amwagiwe maji baridi. Wakammwagia. Akabaki amekwama vilevile, ila sasa ameloa.

Mwenyewe sababu aliijua. Aliitunza kama mtu anavyotunza jino bovu, kwa kutafunia upande wa pili.

Jumamosi ndiyo siku ya ukaguzi. Sakafu ya bweni hupakwa polishi nyekundu, kisha wavulana hupanda juu ya vipande vya blanketi kuukuu na kuserereka huku na huku mpaka saruji ing'ae kama kipara cha mwalimu mkuu. Ngazi hazipakwi. Ni marufuku, na marufuku hiyo imeandikwa ukutani kwa mwandiko wa Darubini mwenyewe. Jumamosi ile, wenzake walipokuwa wanaserereka, Mtunzi alipaka vipandio vitatu vya juu, akavisugua kwa soksi. Alitaka Darubini, ambaye hushuka kwa mwendo wa waziri anayekwenda kukata utepe, ashuke siku moja kwa makalio. Ungekuwa mzaha wa karne.

Akaenda uani kuusubiri mzaha wake. Daftari alikuwa nalo, na sura ya nane ilikuwa imebakiza sentensi moja. Akaiandika. Ikatoka tamu. Ikawa tamu hata akasahau anasubiri nini. Akainua kichwa kuelekea dirisha la bweni, akapaza sauti:

"Twiga! Sura ya nane tayari! Shuka!"

Twiga akashuka mbio, miguuni ana soksi tupu.

Mtunzi ndiye aliyembeba mgongoni hadi zahanati, na watu wakamsifu kwa hilo. Ofisi iliandika kuwa mwanafunzi ameteleza kwa kukimbia ngazini. Darubini alizifuta ngazi huku anasonya, akidhani wa zamu wamepitiliza brashi kwa uzembe. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kosa lililala kama mtoto aliyeshiba, na Mtunzi akatembea kwa kunyata asiliamshe.

Tangu siku ile Jasusi hajatoka chumbani. Mlango uko wazi, tajiri amelala usingizi wa pono, barua iko mfukoni. Kilichobaki ni kushuka. Lakini katika sura ya kwanza, kwa maringo, Mtunzi alikuwa ameieleza ngazi ya nyumba ile kipandio kwa kipandio, vyote kumi na vinne. Ngazi aliyoijua ni moja tu, ile ya bwenini, akainakili kama ilivyo, mpaka ufa wa ukutani. Sasa kila kalamu ilipofika mlangoni, mkono ulikufa ganzi, na masikioni ukarudi ule mlio wa Jumamosi ile. Haukuwa mlio wa mtu kulia. Ulikuwa kama wa mtu anayevunja ukuni gotini.

Siku ya Jumanne Jasusi alipitia dirishani kwa shuka zilizofungwa mafundo. Ukurasa ukachanwa. Akapitia kwenye bomba la maji ya mvua, kisha juu ya paa, kisha akaokolewa na puto la matangazo lililopita bila sababu yoyote. Jioni Mtunzi alisoma habari ya puto, akaona aibu hata mbele ya daftari.

Siku ya Jumatano mwalimu wa lugha alimkuta nyuma ya chumba cha kufulia, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, vipande vya karatasi vimemzunguka kama manyoya ya kuku.

"Umekwama wapi?" mwalimu aliuliza.

"Mahali pa kutokea, mwalimu."

"Ukikwama, acha kubuni. Andika kitu kimoja cha kweli, hata kidogo, ukijuacho wewe peke yako. Mengine yatafuata nyuma."

Mtunzi alimtazama kama aliyepigwa kofi. "Asante, mwalimu," akasema, na mwalimu alipoondoka akaweka kichwa katikati ya magoti. Aliona wazi kwamba hataandika tena. Si sura hii tu. Hataandika hata barua ya kuomba sabuni nyumbani. Kila sentensi ingefika mahali ikakuta ngazi. Alijaribu kucheka, maana kicheko hakikuwahi kumnyima msaada, kikatoka kikohozi.

Alhamisi saa tano na nusu aliingia zahanati na kurasa nne alizoziandika upya, kila moja na mwisho wake. Alikuwa amekata shauri kuziita "miisho ya kuchagua", kana kwamba ni ubunifu mpya.

Baba yake Twiga alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mikono yake imejaa madoa madogo ya moto, na alikaa pembeni mwa kiti kama mtu anayeogopa kukichafua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe?" Mzee alisimama, akaushika mkono wake kwa mikono miwili. "Nimesikia ulimbeba. Kutoka bwenini mpaka hapa, na huyu alivyo na miguu ya korongo. Mama yake kaniambia nisiondoke bila kukushukuru. Mungu akupe maisha marefu."

Mtunzi aliutoa mkono wake, akajifanya anazipanga kurasa.

"Ngoja nikatie saini ofisini," mzee akasema. "Aganeni, nyie, msije mkalizana."

Alipotoka, Twiga alinyoosha kiganja. "Lete."

Alisoma taratibu. Mtunzi alisubiri acheke kwenye puto. Hakucheka. Alisoma zote nne, akazirudia, akazipanga juu ya plasta kama karata.

"Shuka za mafundo," akasema, kidole juu ya karatasi ya kwanza. "Bomba. Paa. Na hii takataka ya puto. Mbona hashuki kwa ngazi?"

"Ingekuwa rahisi mno. Msomaji anataka msisimko."

"Tajiri amelala, mlango uko wazi. Mtu mzima na akili zake, anapanda puto?"

"Ngazi zilibomoka."

"Lini?"

"Katikati ya sura."

"Sura gani? Nimezisoma mimi kabla ya watu wote." Twiga alimtazama usoni, Mtunzi akaitazama chupa ya dawa dirishani. "Zile ngazi ni zetu. Nilizijua siku ya kwanza, hata ule ufa umeuweka. Zamani zilikufaa. Sasa unaziogopa kama zina nyoka."

"Kwa sababu yako, bwana. Ulianguka pale. Nakuonea huruma."

"Mtu ambaye mwenzake kaanguka huzikanyaga kwa uangalifu. Wewe siku hizi unapita ngazi za nyuma, unazunguka jengo zima. Darubini kaniambia, anacheka, anasema umeanza kuamini mashetani." Twiga alivuta pumzi. "Nilipoteleza, soksi zangu zilibaki na wekundu. Nimelala hapa wiki tatu natazama dari, najiuliza nani hupaka ngazi. Nikasema nitamngoja aje mwenyewe. Wewe umekuja kila siku. Umeniletea hadithi za ukaguzi, umemwigiza matroni, umenichekesha hadi mguu ukauma. Kila siku nikasema, leo."

Mtunzi aliacha kuitazama chupa ya dawa, akamgeukia.

"Polishi ile ilikuwa ya Darubini," akasema.

"Darubini alikuwa bado anakagua vitanda."

"Najua."

"Na uliniita wewe."

"Nilisahau. Naapa, nilisahau. Sentensi ilikuwa nzuri, nikasahau."

Twiga aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalitikisika mara moja, yakatulia. Kurasa mbili ziliteleza kutoka kwenye plasta zikaanguka chini, wala hakuna aliyeziokota.

Viatu vya mzee vilisikika ukumbini, vikaingia. Mkononi alikuwa na fomu zilizokunjwa na magongo mawili mapya. Akamtazama mwanawe, akamtazama na mgeni.

"Haya, kulikoni? Nimewaacha mnaongea, nakuta msiba."

Twiga aliendelea kuutazama ukuta. Hakumsemea Mtunzi, wala hakumtetea. Kulikuwa na nafasi ya kutosha kusema "kwaheri, baba" na kutoka. Mlango ulikuwa wazi, gari lilikuwa linanguruma nje.

"Baba," Mtunzi akasema, akasimama wima kama anayesomewa hukumu. "Mimi sistahili kushukuriwa. Ngazi zile zilipakwa polishi ili mtu aanguke. Nilizipaka mimi, kwa mkono huu ulioushika. Halafu nikamwita."